Viatu Mlangoni pa Mwanakheri

Mji ule unaujua. Usinikunjie uso, unaujua vizuri sana. Umeuingia asubuhi ya leo, uko bado kitandani, jicho moja limefumba, kwa kidole gumba juu ya kioo cha simu. Ukapita milango hata hukumbuki mingapi, ukatoka bila kujua ulifuata nini. Tofauti yako na Machano ni moja tu. Wewe uliingia kwa kidole, yeye aliingia kwa miguu.

Aliingia lini, hilo usimuulize. Kule hakuna usiku wala alfajiri. Jua limeganda pale linapokuwa saa kumi za alasiri, vivuli ni virefu kuliko wenyewe, na jana na kesho zimekaa benchi moja zinapigana vikumbo. Mji wenyewe ni ukuta. Ukuta mmoja, mrefu, unaokata kona pale unapojisikia, na ukutani mna milango, na nyuma ya kila mlango mna kitu ambacho mtu fulani aliwahi kukiacha. Kuna mwanamke anayeonyesha jinsi ya kukaanga vitunguu vya biriani. Kuna paka aliyeanguka kutoka juu ya kabati. Kuna majirani wawili wanaogombania kamba ya kuanikia nguo. Kuna mtoto anayejifunza kutembea, ambaye sasa ana wajukuu na anatembelea mkongojo, lakini mle ndani bado anainuka, anapiga hatua, anaanguka, na mama yake, aliyekwisha kuzikwa, anampigia makofi.

Milango haina maandishi. Basi mtu atajuaje aingie wapi? Atafanya ulivyofanya wewe siku uliyokuwa unatafuta nyumba ya shughuli katika mtaa usioujua: hukumuuliza mtu, ulitazama chini. Penye viatu vingi kibarazani ndipo penyewe. Hivyo ndivyo walivyoishi watu wa mji ule, macho chini, wakisoma viatu. Mlango wenye rundo la viatu, wanavua na wao, wanaingia. Mlango wenye jozi moja, wanaupita kama wanavyopita mtu anayeongea peke yake.

Na ukuta ukiwasaidia. Ukishavua tu, ukishatia mguu ndani, ulikuwa ukinong'ona kwa sauti ya mtu wa nyumbani anayekuita kutoka chumba cha pili: "Wenzako waliovua hapa, wamevua na pale pia." Na kweli, ukienda pale unapapenda. Kila mtu alipelekwa na wenzake, na hao wenzake walipelekwa na yeye, wakawa wanaongozana wote bila aliye mbele. Hakuna aliyewahi kuuliza wenzake ni nani. Neno lenyewe lina joto. Nani anataka kulichunguza blanketi?

Machano ndiye aliyekuja kuuliza, na aliuliza kwa sababu ya mke wake.

Mlango wa marehemu Mwanakheri ulikuwa upande wa ukuta usiopita watu. Kilichokuwa ndani si kitu cha kumwita mtu. Siku moja, enzi za uhai wake, Mwanakheri aliegemeza simu kwenye birika akaanza kumrekodia salamu mdogo wake. Ukiingia unamwona, kanga imefungwa kifuani, ndoo iko pembeni, anasema: "Kidawa, mdogo wangu, hujambo? Watoto hawajambo? Na shemegi yangu hajambo? Mimi huku mzima, mguu tu ndio…" Hapo anageuka ghafla, macho yamemtoka, anapaza sauti: "Machano! Vua viatu, nimepiga deki!" Kisha anacheka. Kicheko kinaingia kikohozi. Kwisha.

Hayo tu. Lakini Machano alikuwa akienda kuyatazama kila alipoamka, na katika mji usio na usiku mtu anaamka mara nyingi. Alivua viatu kibarazani, akaingia, akasalimiwa salamu zisizo zake, akagombezwa kwa kosa ambalo safari hii hakulifanya, akatoka.

Sasa mji ule una tabia moja mbaya. Mlango unaovuliwa viatu vingi unapanuka. Usiovuliwa unajifumba, taratibu, kama kidonda. Kwanza unakuwa wa kuinamia, halafu wa kutambaa, halafu dirisha, halafu tundu la kupitishia panya, halafu ukuta. Jozi moja ya viatu vya mzee haitoshi kuuzuia. Machano alipoanza kwenda aliingia wima. Baadaye akawa anainama, na kila alivyoinama zaidi ndivyo alivyotoka mle akiwa mdogo zaidi, mpaka siku moja alitoka akiwa mtoto wa chuo cha Kurani, kofia imemfika masikioni, akatembea kitambo ndipo miaka yake ikamfuata nyuma ikihema.

Alijua basi. Safari chache zaidi, na Mwanakheri atakuwa ukuta.

Akaenda kumtafuta Kidawa. Hakupata tabu kumpata, maana shemegi yake huyo hakukosa penye watu. Alimkuta anatoka kwenye mlango wa mabondia, uso unang'aa.

"Kidawa, tangu lini wewe na ngumi?"

"Tangu nilipopotelewa na ndala zangu kule kwenye taarabu, shemegi. Nikavaa za mtu, basi kila nikigeuka ukuta unaniambia ngumi, ngumi. Na mimi nimekuta natamani ngumi! Tazama mkono huu."

"Twende kwa dada yako."

Kidawa akapangusa vumbi lisilokuwepo begani.

"Shemegi, dada nimemlilia mpaka yamekauka. Na kule kwenu hakuna watu. Nikivua kule, ukuta utaniona mtu wa ajabu, utaanza kunipeleka kwa wapweke wenzako. Nitaletewa mahubiri ya makaburini mimi na dawa za miguu."

"Alikuwa anakusalimia wewe."

"Nitakuja watu wakiwepo," Kidawa akasema, na alisema kwa upole, kama mtu anayeahidi kitu chepesi. Kisha rundo la viatu likamwita, akaenda.

Nitakuja watu wakiwepo. Machano aliyarudia maneno hayo njia nzima, na kadiri alivyoyarudia ndivyo mdomo wake ulivyoanza kupinda upande mmoja. Waliomjua zamani wangeukimbia mdomo ule. Kabla ya kustaafu, Machano alikuwa mpiga king'ora cha kiwanda cha sabuni. Kuna siku alikipiga king'ora cha chakula mapema, chai ya asubuhi haijashuka tumboni, kwa utundu tu, aone. Mji mzima ukashikwa na njaa. Mafundi wakashuka kwenye dari, majumbani wakapakua, mbuzi wakarudi bandani. Waliokuwa na saa mkononi walizitazama, wakaona zimekosea, wakazirekebisha. Hakuna hata mmoja aliyesema: mimi mbona sina njaa?

Kwa hiyo alijua afanye nini.

Katika mji ule, penye milango mikubwa, watu wakitoka huvaa visivyo vyao. Ni msongamano, mtu anachomeka mguu panapoingia, anakwenda. Mwishoni hubaki vile visivyo na mtu: cha kushoto kisicho na cha kulia, ndala iliyochomoka ukanda, raba ya mtoto. Machano akazunguka na gunia akaviokota. Kandambili ya bluu iliyozibwa ukanda kwa msumari. Kiatu cha shule. Makubadhi ya ngozi yaliyopinda kisigino. Viatu vya kike vya kisigino kirefu, vyeusi, kimoja kimebeba harufu ya udi.

Akaenda kuvimwaga kibarazani pa Mwanakheri, na hapo ndipo ungemwona ni bingwa, maana hakuvipanga. Viatu vilivyopangwa ni vya dukani, havimdanganyi mtu. Alivitupa kama wanavyovua watu wenye hamu ya kuingia: kimoja juu ya kingine, kimoja kimepinduka, cha mtoto kimerushwa mbali, vile vya kisigino kirefu vimesogezwa pembeni na mwenyewe visije vikakanyagwa. Akarudi nyuma akatazama. Ilikuwa kweli kuliko kweli. Hata yeye mwenyewe alisikia hamu ya kujua ndani kuna nini.

Kisha akasikia ukuta, kwa mbali, unaanza: "Wenzako wako huku."

Walikuja. Mmoja kwanza, akatazama viatu, akavua. Wawili. Kundi. Mlango ulikuwa unapanuka Machano akiuona, mbao zinalia, fremu inajinyoosha kama mtu aliyeamka, mpaka wanaume walioshikana mikono waliingia bila kuachana. Alikaa kibarazani akicheka kimyakimya machozi yakimtoka. Ameokoka. Mwanakheri ameokoka.

Alipoingia na yeye ilibidi asimame nyuma. Chumba kilikuwa kimekuwa ukumbi. Mwanakheri alikuwa kule mbele, mkubwa kama nyumba, anasema: "Kidawa, mdogo wangu, hujambo? Watoto…"

Mtu akapiga mwayo. Mwingine akageuza shingo kutazama mlango. Salamu, unajua, si zako, ni ndefu, na kila mtu ana zake za kutosha. Chumba kikahisi mwayo ule. Vyumba vya kule vinahisi, vinapima uzito wa watu unaegemea wapi. Na Machano aliposikiliza mara ya pili, salamu hazikuwepo. Mwanakheri alianzia hapa: "Machano! Vua viatu, nimepiga deki!" Watu wakaangua kicheko. Chumba kikarudia. Wakacheka tena. Kikarudia. Machano akatupa macho huku na huku kuona kama kuna mwenzake aliyegundua kilichopungua.

Ndipo Kidawa alipokuja, kama alivyoahidi, watu walipokuwepo.

"Shemegi! Kumbe dada alikuwa mcheshi hivi?"

"Umesikia salamu zako?"

"Salamu gani? Mimi nimesikia deki tu." Na akageuka mbele, akacheka na wenzake, meno nje, kwa wakati mmoja.

Kicheko nacho huchosha. Watu waliposhiba deki, waliegemea kule mwisho, kwenye kikohozi. Si kwa ubaya. Mtu akikohoa, mwanadamu husubiri, anataka kujua kama itapita. Roho inasimama kidogo, mwili unainamia mbele. Watu wale wote wakainamia mbele, pumzi wameikamata. Na chumba, kisichojua tofauti ya anayesubiri na anayependa, kikaona hakijawahi kupendwa hivi.

Baada ya hapo Mwanakheri alikuwa kikohozi.

Hakuwa tena na kanga, wala ndoo, wala jina la mtu mdomoni. Mdomo unafunguka, kikohozi, mdomo unafunguka, kikohozi, na ukumbi mzima umeinama ukisubiri kipite. Ukuta ukaanza kunong'ona: "Wenzako waliokaa kwa kikohozi hiki, wamekaa na kwa kikohozi kile." Milango jirani ikapata habari. Aliyekuwa anakaanga vitunguu akakohoa. Mama aliyekuwa akimpigia makofi mtoto akaziba mdomo, akakohoa. Machano aliukimbia ule mtaa mikono masikioni, na kila alipopita, nyuma ya kila mlango, palikohoa mtu, na barazani viatu vimejaa hadi barabarani.

Alisimama pasipo na mlango, akaupiga ukuta kwa kiganja.

"Nirudishie!"

"Karibu," ukuta ukasema, kwa ile sauti ya mtu wa nyumbani. "Wenzako…"

"Wenzangu gani?"

Ukuta ukasita. Haujapata kuulizwa. Kulisikika kitu kama mtu anayepekua sanduku la nguo.

"Wenzako waliompenda Mwanakheri," ukasema. "Mwenye kandambili ya bluu yenye msumari. Mwenye kiatu cha shule cha kushoto. Mwenye makubadhi yaliyopinda. Mwanamke wa visigino virefu."

"Hao hawapo! Hivyo ni viatu vitupu, nimevitupa pale mimi mwenyewe!"

"Walivua kabla ya watu wote," ukuta ukasema, "na mpaka sasa hawajatoka. Wengine huingia wakatoka. Wao wamekaa tu. Hakuna waliompenda kama wao. Mji mzima unawafuata wao." Kisha, kwa upole kabisa: "Na wewe, Machano, ndiye unayefanana nao kuliko wote. Kila nikikutafutia mwenzako, ninawapata wao."

Machano alipogeuka, mlangoni pa mabondia, katikati ya rundo, aliiona kandambili ya bluu. Akaenda mlango wa pili. Visigino virefu vilikuwa pale, vimesogezwa pembeni kwa adabu. Hakuwa amevipeleka. Viliambiwa na ukuta vingependa wapi, na vikaenda, na huko vilikokwenda watu wakavifuata, na wakati huohuo vilikuwa bado kibarazani pa Mwanakheri, maana mtu ambaye hayupo hashindwi kuwa kila mahali.

Mimi ni nani basi? Machano alijiuliza, na mawazo yakawa yanamjia vipande vipande. Kama mwenzangu ni kiatu. Kama kiatu hakina mtu. Kama mimi nafanana na asiye mtu. Niliyependa ni mimi, au nilitupwa barazani na mkono mwingine, nikapindushwa kidogo ili nionekane wa kweli? Nani aliyeshika gunia lile kabla yangu?

Alijaribu ufagio. Usicheke, hata wewe umewahi kuwa na mgeni asiyeondoka ukausimamisha ufagio nyuma ya mlango, chini juu, ili moyo wake ushtuke akumbuke kwao. Akausimamisha ufagio nyuma ya mlango wa Mwanakheri. Watu wakauona, wakadhani ni desturi ya pale, wakaja zaidi, kila mmoja na ufagio wake.

Mwishowe umati uliondoka wenyewe, kama unavyoondoka siku zote, bila kuaga. Kwingine kulikuwa na kikohozi kirefu zaidi. Kidawa alipita mbio, miguuni raba ya mtoto imembana.

"Hukai, Kidawa?"

"Hapa pamekwisha, mzee! Wewe ni nani vile?"

Machano akabaki peke yake na kibaraza kilichojaa viatu vitupu. Mlango ulikuwa wazi kama lango. Ndani, kilikuwepo kikohozi, alijua. Akifikiria kuingia, aliona atakavyosimama pale akisubiri kipite, na chumba kitamwona amependa. Asipoingia, basi ndio hajaingia tena. Alikaa kwa muda ambao katika mji wenye usiku ungekuwa mwaka. Halafu akainuka. Kikohozi chake nacho ni chake, alijiambia. Na mimi nilimsikia akikohoa kabla yenu wote.

Akatafuta pa kuvulia. Hapakuwa na nafasi. Kibaraza kizima kilikuwa viatu, ukingo hadi ukingo, vikuukuu, vya watu wasiokuwepo. Alitafuta penye upana wa kisigino tu, hakupaona. Basi, kwa aibu, yeye aliyelelewa vizuri, akaviruka vile viatu na kutua ndani na vyake miguuni.

Ukuta haukusema kitu.

Alisubiri. Hakukuwa na "wenzako." Kwa ukuta, aliyeingia ni aliyevua, na aliyevaa hajafika. Chumba kikamtazama kama kinavyotazamwa kiti kitupu. Hakikujua anapenda nini, anachoka na nini, aegemezwe wapi. Na chumba kisichokujua hakina cha kukukatia. Kilibaki na kitu kimoja tu cha kumpa, kile kilichoachwa mle siku ya kwanza.

"Kidawa, mdogo wangu, hujambo?"

Machano akaziba mdomo kwa mkono.

"Watoto hawajambo? Na shemegi yangu hajambo? Mimi huku mzima, mguu tu ndio…" Mwanakheri akageuka. Kanga kifuani, ndoo pembeni, si mkubwa kama nyumba, mkubwa kama Mwanakheri. "Machano! Vua viatu, nimepiga deki!"

Mkono wake ulishafika kwenye kamba za viatu, maana mwili una mazoea, kabla hajafahamu. Hapo ndipo alipotazama chini. Sakafu ilikuwa imelowa kweli. Na kutoka kizingitini mpaka aliposimama kulikuwa na alama zake za matope, moja moja, hazikuwahi kuwepo safari zile zote alizokuja pekupeku. Mara zile aligombezwa bure. Sasa alikuwa amekosa, na anayemgombeza alikuwa anamtazama.

Akivua, atakuwa amefika. Ukuta utamjua, chumba kitampima, na Mwanakheri atarudi kuwa kikohozi.

"Sivui," Machano akasema.

Alingoja kicheko. Kicheko hakikuja. Mwanakheri alikuwa anatazama nyuma ya Machano, kibarazani, kwenye vile viatu.

"Na wenzako?" akauliza. "Waambie wapite basi, mbona wamesimama nje?"

Nyuma yake Machano alisikia ngozi inalia, kandambili inapiga sakafu, kisigino kirefu kinajisogeza. Hakugeuka. Kuna vitu mtu akivitazama vinakuwa vimealikwa.

"Sina wenzangu," alisema. "Nina mwenzangu."

Kule nje kukatulia. Viatu vikabaki pale vilipo, kwenye kibaraza, vikiushikilia mlango usijifumbe, maana ndiyo kazi viliyotupiwa.

Mwanakheri akamtazama kuanzia kofia hadi matope. Kisha ndiyo akacheka, na kicheko kikapita salama, kikaisha kama vinavyoisha vicheko vya watu wazima wa afya.

"Haya, simama hapohapo basi," akasema. "Usiniharibie zaidi. Simama mpaka pakauke."

Machano akasimama. Na pale mahali, nakuapia, hapajakauka.